Umejuaje? Mazungumzo ya Moshi juu ya kupima uzito wa makundi ya galaksi

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa hapa Moshi, Jumamosi jioni, mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi wa sekondari na wazazi wao. Waliokosa nafasi na waliokwama Arusha wameomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, poleni na majukumu ya wiki. Na ninyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango, mambo vipi? Sogeeni mbele, viti vipo, na simwiti mtu ubaoni leo.

Nianze na swali la shule ya msingi. Mlima Kilimanjaro una urefu gani?

Nimewasikia. Mita 5,895, ukumbi mzima, sauti moja. Sasa swali la pili: umejuaje? Kuna aliyewahi kupanda na utepe? Namba hiyo ni ya wapimaji wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wataalamu walipanda na vifaa vya GPS, wakashuka na mita 5,892. Mwaka 2008 wakapanda wengine, wakapima na nguvu ya mvutano wa dunia pia, wakashuka na 5,899. Mlima ni uleule. Hakuna aliyeukata, hakuna aliyeuongezea mawe. Tofauti imetoka wapi? Mojawapo ya sababu ni swali ambalo wengi hatujiulizi: usawa wa bahari uko wapi hapa Moshi, na bahari yenyewe iko Tanga huko? Kila njia ya kupima inalijibu swali hilo kivyake, kwa kudhani jambo fulani. Ukibadili unachokidhani, namba nayo inahama.

Jioni hii nataka tulibebe swali hilohilo, umejuaje, tulipeleke mbali kidogo.

Jua letu ni nyota moja tu kati ya nyota zaidi ya bilioni 100 za galaksi yetu, Njia Nyeupe, ule ukanda unaouona vizuri ukienda Rombo au Mwanga vijijini, taa zinapopungua. Galaksi nazo hazikai ovyo. Nyingi zimejikusanya, na mikusanyiko mikubwa kuliko yote iliyoshikwa pamoja na mvutano ndiyo tunayoiita makundi ya galaksi. Kundi moja lina mamia ya galaksi, pengine maelfu. Uzito wake? Ukilifananisha na jua letu, unapata jua trilioni 100 kwa kundi la kawaida, na jua trilioni 1,000 au zaidi kwa yale makubwa. (Walimu wa fizikia naona mmekunja uso. Najua, najua, ni tungamo, si uzito. Niachieni leo niongee kama watu wa sokoni.)

Sasa, kitu chenyewe kiko mamilioni au mabilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa, na mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru inausafiri kwa mwaka mzima. Hukigusi. Hukizunguki. Halafu mtu anasimama anakwambia kina uzito wa jua trilioni 1,000. Umejuaje?

Twende mwaka 1933. Huku kwetu ndio mwaka wakulima wa kahawa walipounda chama chao cha ushirika, KNCU. Kule California alikuwapo Mswisi mmoja aliyezaliwa Varna, Bulgaria, jina lake Fritz Zwicky. Mtu mwenye akili nyingi na ulimi mkali, mwenzake akikosea alikuwa hamsitiri. Zwicky alilitazama kundi la Coma, lililoko miaka ya nuru kama milioni 320 kutoka kwetu kwa vipimo vya leo, akataka kujua galaksi zake zinakwenda kasi gani.

Kasi unaipataje bila kumwona mtu akisogea? Angalieni hapa kwa karibu, maana mengine yote yanategemea hili. Ndani ya nyota kuna kalsiamu. Kalsiamu inafyonza nuru ya rangi mbili mahususi upande wa urujuani, kwa hiyo ukiipitisha nuru ya galaksi kwenye prizimu unakuta mistari miwili myeusi imekaa jirani. Maabara inatuambia mistari hiyo inapaswa kukaa wapi. Galaksi ikiwa inatukimbia, mistari inahama kuelekea upande wa wekundu, na kadiri inavyohama ndivyo mwendo ulivyo mkubwa. Unapima umbali wa mistari kwenye bamba la picha kwa hadubini, unapiga hesabu, kasi hiyo hapo.

Kundi zima la Coma linatukimbia kilomita kama 7,000 kwa sekunde, kwa sababu ulimwengu unatanuka. Hilo halikumshangaza Zwicky. Kilichomshangaza ni kwamba ukilinganisha galaksi moja moja, hii inazidi wastani kwa kilomita 1,000 kwa sekunde, ile inapungua kwa kiasi hichohicho. Roketi ikitaka kuikimbia dunia inahitaji kilomita 11 tu kwa sekunde. Kitu kinachokwenda 1,000 kinashikwa na nini kisitoroke?

Akapiga hesabu. Alikadiria kundi lina galaksi 800, na kila moja ina uzito wa jua bilioni moja. Kwa uzito huo, galaksi zilipaswa kupishana kwa kilomita 80 tu kwa sekunde. Themanini! Yeye anaona 1,000. Na katika hesabu hizi mwendo unapandishwa kipeo cha pili: ukizidi mara 10, uzito unaohitajika unazidi mara 100. Alipomaliza akaandika kwamba msongamano wa kundi lazima uwe angalau mara 400 ya ule unaotokana na maada inayong'aa. Kinachobaki akakiita maada ya giza.

Je, walimsikiliza? Wachache sana. Suala likalala miaka mingi, na mimi siwalaumu kabisa waliomtilia shaka, kwa sababu lile swali letu lilikuwa na meno. Umejuaje, bwana Zwicky? Umbali aliutoa kwenye kipimo cha kutanuka kwa ulimwengu cha wakati ule, namba 558, ambapo leo tunatumia namba inayozunguka kwenye 70. Maana yake Coma aliiweka karibu mno, mara nane hivi, na hilo likaikuza tofauti yake. Pili, hakujua kwamba kundi limejaa kitu kingine ambacho darubini yake isingeweza kukiona hata kidogo. Nitakifikia. Tatu, na hili ndilo linalotusumbua mpaka leo, alidhani kundi limetulia, kwamba galaksi zimezunguka vya kutosha mpaka mwendo na mvutano vikasawazishana. Je, Coma imetulia? Katikati yake kuna galaksi mbili kubwa, NGC 4889 na NGC 4874, wakati kundi tulivu tungetegemea liwe na kubwa moja iliyokaa kitini. Na pembeni, kusini-magharibi, kuna kundi dogo linaloizunguka galaksi ya NGC 4839, nalo linaangukia ndani. Hapo pana vurugu, hapana utulivu.

Hata hivyo njia hii ya kupima mwendo bado inatumika kila siku. Siku hizi hatupimi galaksi chache, tunapima mamia kwa kundi moja, na hapa Afrika darubini ya SALT ya kule Sutherland, Afrika Kusini, imeifanya kazi hiyo kwa makundi kadhaa. Tatizo kubwa ni wapita njia: galaksi iliyo mbele au nyuma ya kundi, haihusiki, lakini imeangukia ndani ya picha. Ukiwahesabu na wao, uzito unakwenda kombo.

Tuko pamoja? Haya. Hadithi ya pili ni ya kwetu, na naona ajabu kwamba watoto wetu hawafundishwi.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano linaloitwa San Marco, baharini karibu na Malindi, iliruka roketi ikiwa imebeba satelaiti ndogo. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Mama aliyeusimamia mradi upande wa NASA, Marjorie Townsend, akaipa satelaiti ile jina: Uhuru. Kwa nini Malindi? Kwa sababu karibu na ikweta dunia yenyewe inaisukuma roketi zaidi, na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inaikwepa sehemu kubwa ya mikanda ya mnururisho ambayo ingevuruga vifaa vyake. Kiongozi wake wa kisayansi, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kuutazama ulimwengu kwa eksirei. Eksirei za angani hazipenyi hewa yetu. Hata ukisimama kileleni Kibo huzioni, lazima utoke nje ya hewa. Na Uhuru ilipotazama Coma na makundi mengine, ikayakuta yanang'aa. Mng'ao haukutoka kwenye galaksi moja moja. Ulienea kundi zima, hadi kwenye nafasi zilizo baina ya galaksi, pale tulipokuwa tunasema hapana kitu.

Ni kitu gani kile? Ni gesi. Gesi yenye joto la nyuzi milioni 10 hadi milioni 100. Kilichomaliza ubishi ni mstari wa madini ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus, uliotangazwa mwaka 1976 kwa kutumia satelaiti ya Waingereza ya Ariel 5, ambayo nayo ilirushwa kutoka jukwaa lilelile la Malindi mwaka 1974. Gesi yenyewe ni nyepesi mno: ndani ya mita moja ya ujazo unaweza kukuta chembe kama 1,000 tu. Lakini nafasi yenyewe ni kubwa kiasi kwamba ukiijumlisha, gesi hii inazidi uzito wa nyota zote za galaksi zote za kundi. Zinazidiwa mara kadhaa. Miaka yote ile tulikuwa tunahesabu nyota, kumbe maada ya kawaida iliyo nyingi zaidi haikuwa kwenye nyota.

Na gesi hii ikatupa mizani ya pili. Gesi ya moto inataka kutawanyika. Kwa nini haitawanyiki? Kwa sababu mvutano wa kundi unaivuta ndani. Ukijua joto lake, na ukajua msongamano wake kutoka katikati kwenda nje, unajua shinikizo lake, na ukijua shinikizo unajua mvutano unaohitajika kulizuia. Mvutano ukiujua, uzito unao. Joto unalisoma kwenye spektra ya eksirei, yaani zikichambuliwa kama ile nuru kwenye prizimu. Msongamano unausoma kwenye mng'ao. Satelaiti za Chandra na XMM-Newton, zote za mwaka 1999, zimefanya kazi hii kwa ustadi mkubwa, na jibu linalorudi linafanana na la yule Mswisi mkali: nyota ni asilimia chache tu za kundi, gesi ni kama asilimia 12 au 15, na zaidi ya asilimia 80 haionekani kwa chombo chochote.

Lakini, ndugu zangu, umejuaje? Umedhani nini? Umedhani gesi imetulia, kwamba joto peke yake ndilo linaloihimili. Kama gesi inavuma na kuchafuka, sehemu ya kazi ya kuihimili inafanywa na mivumo hiyo, joto halikuonyeshi, na wewe utalipunja kundi uzito wake. Wanaounda makundi ndani ya kompyuta wanasema upunjaji huo unaweza kufika asilimia 10 hadi 30.

Wajapani wakasema, hebu tusikisie, tupime. Tarehe 17 Februari 2016 wakarusha satelaiti ya Hitomi yenye kipima eksirei chenye umakini ambao haukuwahi kuonekana. Ikaelekezwa Perseus, ikapima gesi ya katikati inakwenda kasi gani. Jibu: kilomita kama 160 kwa sekunde. Ni mwendo mdogo, shinikizo lake ni asilimia chache tu ya shinikizo la joto. Mwezi Machi, kabla haijafika wiki sita angani, mfumo wa kuielekeza ukachanganyikiwa, satelaiti ikazunguka kupita kiasi, ikavunjika. Niliposoma habari ile niliumia kama vile kifaa kilikuwa changu. Walijipanga upya, na mwaka 2023 wakarusha mrithi wake, XRISM, anayeendelea na kazi hiyo.

Njia ya tatu nitaipitia mbio mbio kwa sababu muda unakwenda na najua chai inasubiri. Anga lote limejaa nuru kongwe iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Leo imepoa mpaka nyuzi 270 chini ya sifuri na inafika kwetu kama mikrowevu. Nuru hiyo ikipita ndani ya kundi, sehemu ndogo, kama asilimia moja, inagongana na elektroni za ile gesi ya moto na kuongezewa nguvu. Wasovieti wawili, Rashid Sunyaev na Yakov Zel'dovich, walilitabiri hili mwanzoni mwa miaka ya 1970: ukitazama kwa masafa fulani ya mawimbi, kundi litaonekana kama doa lenye baridi kidogo kwenye nuru kongwe. Uzuri wake ni kwamba doa halififii kwa umbali. Kundi lililoko mbali kupindukia linaacha alama sawasawa na lililo karibu. Ndiyo maana watu walikwenda kujenga darubini Ncha ya Kusini, na nyingine kwenye jangwa la Atacama kule Chile, mita 5,190 juu ya bahari, yaani mita 700 tu chini ya kilele chetu. Mvuke wa maji unazimeza mikrowevu, wanatafuta hewa kavu. Ila doa lenyewe linakupa shinikizo la gesi. Halikupi uzito. Lazima mtu mwingine akusaidie kutoka kwenye shinikizo kwenda kwenye uzito, na msaidizi huyo ndiye njia yangu ya nne.

Njia ya nne ndiyo ninayoipenda, na sitajificha.

Einstein alisema kitu kizito kinaipinda njia ya nuru. Tarehe 29 Mei 1919 lilipatwa jua, na Mwingereza Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, na darubini yake. Asubuhi ikanyesha mvua. Fikirieni, umesafiri majuma mengi baharini kwa ajili ya dakika chache za giza, na wingu limekaa palepale! Likafunguka kidogo mwishoni, akaambulia picha chache zenye nyota za kufaa. Wenzake waliokuwa Sobral, Brazil, walipata nzuri zaidi. Nyota zilizokuwa karibu na jua zilionekana zimehama kidogo kutoka mahali pake, kwa kiasi alichokitabiri Einstein.

Jua moja likiweza kuhamisha nyota, je, jua trilioni 1,000? Yuleyule Zwicky, mwaka 1937, akaandika kwamba galaksi na makundi yake yanapaswa kufanya kazi ya lenzi, na kwamba hiyo ingekuwa njia ya kuyapima uzito. Miaka 50 ikapita. Mwaka 1987 watafiti wa Ufaransa na wa Marekani wakatangaza utepe mrefu wa nuru uliojikunja kama upinde ndani ya kundi la Abell 370. Wengine walidhani ni kitu cha ajabu kilichomo ndani ya kundi. Umbali wake ulipopimwa, ikajulikana ni galaksi iliyoko nyuma sana ya kundi, nuru yake imekunjwa na uzito wa kundi lililo mbele.

Upinde wa namna ile unapatikana katikati tu, mahali uzito umebanana. Kwingineko mkunjo ni mdogo sana, galaksi ya nyuma inanyooshwa asilimia chache tu, na wewe hujui umbo lake la asili lilikuwaje. Unafanyaje? Unapima maelfu. Galaksi zisizo na kundi mbele yake zimelala kila mmoja na upande wake, ovyo. Zilizo nyuma ya kundi zina kamwelekeo kadogo ka pamoja, zimelala kulizunguka. Moja haikwambii kitu. Maelfu yanakwambia. Hiyo ni kazi ya subira kweli kweli, kwa sababu darubini nayo inapinda maumbo, hewa nayo inayatia ukungu, na yote hayo lazima uyaondoe kwanza.

Kwa nini naipenda? Kwa sababu haijali kama kundi limetulia au lina vurugu. Haijali kama gesi ina joto au baridi. Haijali kama maada inang'aa au ni ya giza. Uzito ni uzito, nuru inapinda. Mwaka 2006 ilitupa ushahidi ambao mpaka leo sijaona uliouzidi: katika kundi linaloitwa Bullet, makundi mawili yaligongana na kupenyana. Gesi za pande mbili zilikwaruzana, zikapunguza mwendo, zikabaki katikati. Eksirei zinazionyesha waziwazi. Gesi ndiyo nzito kuliko nyota, sivyo? Basi uzito ungekuwa katikati pamoja na gesi. Lenzi ikapima, ikakuta uzito mwingi uko pembeni, pande mbili, pamoja na galaksi zilizopita bila kugongana. Ile maada ya giza ilipita moja kwa moja.

Naona mwalimu mmoja ananyoosha kidole, anataka kuniuliza umejuaje. Nimekuwahi, mwalimu. Lenzi inahesabu kila kitu kilicho kwenye mstari kati yetu na galaksi ya nyuma, kiwe cha kundi au si cha kundi. Kundi lililorefuka kuelekea kwetu litaonekana zito kuliko lilivyo, lililolala ubavu litaonekana jepesi. Kwa kundi moja moja unaweza kukosea asilimia 20 au 30. Ukichukua mamia, makosa hayo yanafidiana. Uamuzi wangu ni huo: kundi moja nisingelipima kwa lenzi peke yake hata kwa dawa, lakini kwa wastani wa mengi sina mizani ninayoiamini zaidi.

Mfano ni kundi la El Gordo, jina la Kihispania, yaani Mnene. Liligunduliwa kwa lile doa baridi na darubini ya Atacama, nuru yake imesafiri miaka kama bilioni 7 kutufikia. Mwaka 2012 likatangazwa kuwa na uzito wa jua trilioni 2,000. Mwaka 2014, kwa picha za Hubble, darubini iliyoko angani, na njia ya lenzi, likapanda mpaka trilioni 3,000, na wapo waliosema kundi zito hivyo, zamani hivyo, halipaswi hata kuwapo. Mwaka 2021 watafiti wakatumia picha za Hubble zilizochukua eneo pana zaidi kulizunguka, likashuka tena mpaka trilioni 2,100 hivi. El Gordo halikukonda. Picha za mwanzo zilikuwa finyu, hazikufika kingo zake, na sehemu ya nje ikajazwa kwa makadirio.

Mtaniuliza, mwalimu, trilioni 1,000 juu, trilioni 1,000 chini, inatuhusu nini? Inatuhusu hivi. Idadi ya makundi mazito inatwambia ulimwengu una maada kiasi gani na imejikusanya kwa kasi gani. Mwaka 2013 timu ya satelaiti ya Planck ilitoa matokeo yaliyozua mjadala mkubwa. Walikuwa wameipima ile nuru kongwe, wakatabiri yanapaswa kuwapo makundi mangapi. Halafu wakayahesabu makundi yenyewe kwa madoa yao. Yakawa machache kuliko utabiri, machache kwa mbali. Ama fizikia yetu ina ufa, ama uzito tuliokuwa tunatoa kwa eksirei ulikuwa umepunjwa, tena si kwa asilimia 20 iliyotarajiwa, kwa asilimia 40. Wengine wakakimbilia kwenye nyutrino, zile chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, wakisema pengine ni nzito kuliko tulivyodhani. Mimi ni mtu wa vipimo, nilishuku mizani kwanza.

Watu wakaingia kazini na lenzi kuzirekebisha mizani nyingine, kundi kwa kundi. Wengine walipata upunjaji wa asilimia 20, wengine 30. Mwaka 2024 timu ya Wajerumani ya darubini ya eksirei ya eROSITA, iliyorushwa mwaka 2019 na kuzimwa kwa muda tangu Februari 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, ikatoa orodha ya makundi zaidi ya 12,000. Kwa elfu kadhaa kati ya hayo wakatumia lenzi kusahihisha uzito. Safari hii hesabu ya makundi na nuru kongwe vikakubaliana. Ufa umezibika? Wenzao waliotumia njia nyingine na makundi mengine bado wana namba zinazopishana kidogo, kwa hiyo jalada halijafungwa. Darubini ya Euclid iko angani tangu 2023, na ile ya Vera Rubin kule Chile ilionyesha picha zake za kwanza Juni 2025, zikiwemo za kundi la Virgo. Hizo ndizo zitakazotupa maumbo ya galaksi kwa mabilioni. Mtoto aliye kidato cha pili leo atalikuta suala hili mezani akiwa chuo kikuu.

Nimewachosha, nisamehewe. Kabla ya maswali, tangazo moja. Darubini ya mkono tuliyoazimwa iko uani. Mwezi huu wa Juni, saa mbili usiku, Virgo inakuwa juu sana upande wa kaskazini, juu ya mlima kama wingu likikubali. Tutaielekeza kwenye M87, galaksi kubwa iliyo katikati ya kundi hilo, miaka ya nuru kama milioni 54. Mtaona kidoa cha ukungu kisicho na rangi, msitegemee picha za Hubble mkaja kunidai nauli. Foleni ni moja, watoto kwanza, na tafadhali zimeni tochi za simu.

Haya, swali la kwanza. Naona mkono wa binti kule mlangoni, yule aliyekataa kusogea mbele. Simama, mama, uliza.